Kitabu cha Safari na Mzigo wa Mpagazi

Msafiri anayejiandaa kupanda ndege hufikwa na swali dogo ambalo aghalabu hulijibu usiku wa mwisho, sanduku likiwa limekwisha kufungwa: achukue kitabu gani? Swali hilo huonekana kuwa la faragha, jambo la ladha ya mtu na nafsi yake. Lakini afikapo kiwanjani, akaliweka sanduku juu ya mizani na kuambiwa kwamba limezidi kilo tatu, mara nyingi kitu cha kwanza kutolewa si viatu wala zawadi za jamaa, bali ni vitabu. Hapo ladha hunyamaza na mizani husema.

Wanahistoria wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu kitabu kama kitu cha kutungwa, kunakiliwa, kuhaririwa na kuchapwa. Kitabu kama kitu cha kubebwa kimezungumzwa kwa uchache mno, ilhali katika sehemu kubwa ya historia ya Afrika Mashariki kitabu hakikuweza kutoka pwani kwenda bara pasipo shingo ya mtu. Mhadhara huu unalirudisha swali la msafiri wa ndege katika njia za misafara ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kwa kuwa huko ndiko lilikoulizwa kwa ukali wake wote. Hoja yake ni kwamba uteuzi wa kitabu cha safari haukuamuliwa na msomaji peke yake. Uliamuliwa pia na uzito, na na yule aliyeubeba uzito huo; na kwa muda mrefu aliyechagua hakubeba, na aliyebeba hakuchagua.

Kipimo cha biashara ya pwani kilikuwa frasila, takriban ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa kuwa kati ya ratili 60 na 70, frasila mbili au pungufu kidogo, na juu ya huo mpagazi alichukua vyake mwenyewe: mkeka, chungu, posho na pengine bunduki. Wanyamwezi waliizoea kazi hii kabla ya Mzungu yeyote kuiona Tabora, na watu wa Mrima na Unguja waliijua vilevile. Msafara ulikuwa na kirangozi wake wa kutangulia mbele, wanyapara wake, ngoma yake na sheria zake. Kila mzigo uliofungwa pwani ulikuwa hesabu. Nguo za merikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Kwazo msafara ulinunua chakula na kulipa hongo kwa watawala wa nchi uliyopita. Kwa hiyo mzigo mmoja wa vitabu ulikuwa na maana ya mzigo mmoja wa nguo uliobaki Bagamoyo, na mzigo wa nguo uliobaki Bagamoyo ulikuwa na maana ya siku kadhaa za chakula. Waliosafiri na maktaba walilijua hilo, au walilijua baadaye.

Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, walikuwa na vitabu vichache mno. Burton alikuja kuandika kwamba yeye na mwenzake walisoma pamoja, tena na tena, Shakespeare, Euclid na vingine vichache vilivyounda maktaba yao ndogo. Msomaji wa leo hushangazwa na Euclid. Lakini kitabu cha jiometri kina sifa ambayo riwaya hukosa: hakimaliziki. Mtu aliyelala hoi kwa homa Tabora anaweza kukirudia kipengele kilekile kwa wiki nzima, na bado kikampa kazi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya maktaba ya msafara, na imo pia katika uteuzi wa waliofuata: chagua kitabu kinachovumilia kurudiwa, maana hutapata kingine.

David Livingstone aliithibitisha kanuni hiyo kwa namna ya kuhuzunisha. Katika miaka aliyokwama Manyema, kati ya 1869 na 1871, aliisoma Biblia nzima mara nne. Hakuwa na cha kubadilishia. Karatasi nazo zilimwishia, wino vilevile. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, Standard la tarehe 24 Novemba 1869, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea wa huko, akiyavusha maneno yake juu ya maneno yaliyochapwa. Baada ya muda wino huo ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya kuyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, na habari alizoandika Nyangwe mwaka 1871, pamoja na zile za mauaji ya sokoni aliyoyashuhudia mwezi Julai, zikaweza kusomwa tena. Kitu kilichobebwa ili kisomwe kiligeuka kuwa kitu cha kuandikiwa, na thamani yake yote leo imo katika yale ambayo mchapaji wa London hakuyatia.

Henry Morton Stanley alikuwa na tabia nyingine. Aliondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 na msafara wa watu zaidi ya 300, na kwa maelezo yake mwenyewe alichukua mizigo mitatu ya vitabu, yenye jumla ya ratili 180 hivi. Hiyo ni zaidi ya kilo 80 za karatasi, yaani shingo tatu zilizotengwa kwa ajili ya jioni za mtu mmoja. Jinsi watu wake walivyopungua kwa njaa, vita na maradhi, ndivyo vitabu vilivyotupwa kimoja baada ya kingine. Alipokaribia Atlantiki alibaki na Biblia, Shakespeare, Sartor Resartus cha Carlyle, kitabu cha Norie cha ubaharia na kalenda ya kibaharia ya mwaka 1877. Mwishowe hata hivyo vilikwenda, ikabaki Biblia peke yake.

Kisa cha Shakespeare kimesimuliwa mara nyingi. Katika kitabu chake cha 1878 Stanley anaeleza kwamba watu wa Mowa, kando ya Mto Kongo, walimwona akiandika, wakaogopa kwamba maandishi yale yangewaletea balaa, wakadai yachomwe. Daftari lake lilikuwa na ramani na kumbukumbu za miezi mingi. Akatafuta kitu kinacholingana nalo kwa ukubwa na rangi, akakiona kitabu cha Shakespeare, akawapa hicho. Kikateketezwa, na amani ikarudi. Mahali pengine Stanley huyohuyo anasema kisa kilitokea Zinga. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya msomaji awe na hadhari, na si ajabu kwamba wapo walioshuku kisa chenyewe. Pamoja na hayo, hata kama ni hadithi iliyopambwa, inadokeza jambo la kweli kuhusu vitabu vya msafara: thamani yao ilipimwa kwa kulinganishwa na daftari. Kitabu kilichochapwa kinaweza kununuliwa tena London. Daftari halinunuliki.

Katika masimulizi haya yote wapagazi wameonekana kwa idadi tu. Zaidi ya nusu ya watu walioondoka na Stanley hawakuufikia ufuko wa Atlantiki, ama kwa kufa ama kwa kutoroka, na orodha ya vitabu vilivyotupwa imehifadhiwa kwa uangalifu kuliko majina ya waliovibeba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana kisa cha Chitambo kinastahili kukaliwa kwa muda, kwani huko mambo yaligeuka.

Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, mwanzoni mwa mwezi Mei 1873. Hapakuwa na Mzungu mwingine. Waliokuwapo ni Susi, Chuma na wenzao, na miongoni mwao kijana Jacob Wainwright, aliyekuwa amesomeshwa katika shule ya wamisionari huko Nasik, India, na kujiunga na Livingstone pamoja na watu waliotumwa kwake mwaka 1872. Kitendo chao cha mapema kilikuwa cha kimaktaba, kama neno hilo linafaa hapa: walifungua masanduku ya marehemu mbele ya wote, na Wainwright akaandika orodha ya vilivyomo, ili asije mtu akadai baadaye kwamba kitu kimepotea. Moyo ulizikwa chini ya mti. Wainwright akasoma ibada ya maziko, kisha akachonga maandishi juu ya gome. Baada ya hapo waliuchukua mwili, masanduku na maandishi, wakashika njia ya pwani.

Safari hiyo ilichukua miezi kama tisa. Tabora walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, ambaye aliwashauri wamzike marehemu palepale, wakakataa. Cameron alichukua vyombo vya kupimia vilivyomfaa, nao wakaendelea. Njiani, walipoona kwamba watu wa nchi hawataki maiti ipite kwao, waliufunga mwili upya kwa umbo la mzigo wa nguo, wakajifanya wameirudisha maiti nyuma kuzikwa, wakapita. Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili, masanduku na maandishi yakakabidhiwa. Tarehe 18 Aprili mwaka huo Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza katika kanisa la Westminster. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, wakamsaidia mhariri Horace Waller kuyapanga majarida ya mwisho, wakieleza yale ambayo kurasa hazikuyaeleza.

Hapa, basi, waliobeba ndio waliochagua. Walikuwa na kila sababu ya kuyatupa makaratasi: njaa ilikuwapo, maradhi yalikuwapo, na mwenye mali alikuwa amekufa. Stanley, aliyekuwa mwandishi, alitupa vitabu ili msafara usonge mbele. Susi na wenzake, ambao wengi wao hawakujua kusoma Kiingereza, hawakutupa ukurasa. Historia ya uhifadhi wa nyaraka katika Afrika Mashariki ingefaa kuanza na orodha ile iliyoandikwa na Wainwright Chitambo.

Miaka 35 baadaye ilitokea maktaba ya safari iliyo maarufu kuliko zote. Theodore Roosevelt alimaliza muda wake wa urais wa Marekani mwezi Machi 1909, na tarehe 21 Aprili mwaka huo alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit kwa safari ya kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika ziwani tangu 1901, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya njia haikuhitaji shingo ya mtu. Lakini nje ya reli msafara ulikuwa wa mtindo wa zamani, na mkubwa kupita kiasi: wapagazi karibu 200, tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, mahema, risasi, na sanduku moja la vitabu.

Sanduku hilo lilitengenezwa kwa bati jepesi la alumini na kitambaa cha mafuta, na pamoja na vitabu vyake lilikuwa na uzito pungufu kidogo ya ratili 60. Roosevelt mwenyewe anaeleza sababu: ulikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Maneno hayo hupitwa kwa haraka na wanaoisifu orodha ya vitabu vyenyewe, ilhali ndiyo ufunguo wake. Kwanza ulikuwapo mzigo, kisha ikaja maktaba. Swali alilojiuliza Rais huyo mstaafu pamoja na dada yake, Corinne, aliyemtunukia maktaba hiyo, lilikuwa: katika ratili zisizofika 60, fasihi ya ulimwengu itaingiaje?

Iliingia hivi: Biblia, Shakespeare, Homer na vita vyake vya Troya, Dante, Milton, Bunyan, Wimbo wa Roland, Macaulay, Carlyle, Keats, Shelley, Poe, riwaya za Scott, Dickens na Thackeray, Mark Twain na watoto wake wa Mississippi, The Federalist kwa ajili ya siasa, na vinginevyo. Vyote vilitiwa jalada la ngozi ya nguruwe, na kwa sababu hiyo vikajulikana kwa jina la Maktaba ya Ngozi ya Nguruwe. Mtu wa pwani angekuwa na la kusema juu ya ngozi hiyo. Miongoni mwa waliohudumia misafara ya zama hizo Waislamu walikuwa wengi, na kitambaa cha mafuta kilichofunika sanduku kilisitiri zaidi ya mvua.

Sababu ya kuchagua ngozi ilikuwa ya kiutendaji. Roosevelt hakuviacha vitabu sandukuni. Karibu kila siku alikuwa na kimoja, ama katika mfuko wa tandiko la farasi ama katika mkoba wa risasi uliochukuliwa na mmoja wa wabeba bunduki wake. Alisoma chini ya mti adhuhuri, pengine kando ya mzoga wa mnyama aliyemuua, au akingojea hema lisimamishwe. Vitabu vikapata damu, jasho, mafuta ya bunduki, vumbi na majivu. Jalada la kawaida, anasema, lingeangamia au kuchukiza. Ngozi ilizidi tu kufanana na tandiko lililotumika sana. Ni vigumu kutompenda msomaji huyu. Hakutaka kitabu cha kuonyesha. Alitaka kitabu kinachoweza kuwekwa chini haraka simba akitokea.

Alipoiweka orodha hiyo mwishoni mwa kitabu chake cha 1910, aliongeza maneno ya busara. Ulikuwa wakati ambapo Charles Eliot, aliyekuwa ameongoza Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akihusishwa na mkusanyo wa vitabu vya kumwelimisha mtu yeyote. Roosevelt alikataa kwamba inaweza kuwapo orodha moja ya vitabu bora kwa watu wote. Orodha yake, alisema, ilimfaa yeye, kwa safari ile. Wakati mwingine angechagua vingine. Huo ni uungwana wa fikra. Hata hivyo, mtu akiitazama kutoka Mombasa, anaona lililokosekana. Hakikuwamo kitabu hata kimoja cha lugha ya watu waliomzunguka kwa miezi hiyo. Hadithi za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere zilikuwa zimechapwa tangu 1870, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Kamusi ya Krapf tangu 1882. Mtu aliyeitwa «Bwana Mkubwa» na watu 200 kila asubuhi hakubeba hata hadithi moja ya sungura.

Linalofuata si lawama, bali ni swali: waliobeba sanduku lile walikuwa na maktaba gani yao? Jibu la kawaida ni kwamba hawakuwa nayo. Jibu hilo linatokana na kuidhania maktaba kuwa sanduku.

Katika Kiswahili cha zamani neno «chuo» lilikuwa na maana ya kitabu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unajulikana pia kama Chuo cha Herekali. Chuoni ndipo mtoto alipofunzwa kitabu, na mwanachuoni ni mtu wa kitabu. Leo neno limehamia majengo, na wanaoingia Chuo Kikuu hawakumbuki kwamba wanaingia katika kitabu kikubwa. Manahodha nao walikuwa na kitabu chao cha safari, rahmani, kilichoeleza nyota, vina vya maji na alama za pwani. Wanaisimu hulihusisha jina hilo na neno la Kiajemi lenye maana ya kionyesha njia, na ndilo linalodhaniwa kutupa neno «ramani». Mwambao ulikuwa na vitabu, basi. Lakini karatasi ilikuwa ghali, unyevu na mchwa walikuwa maadui, na utungo uliotakiwa uende mbali haukutegemea karatasi. Uliwekwa kichwani.

Lugha yenyewe inazibeba maana mbili katika neno hilo. Mzigo uko kichwani kwa mpagazi, na utenzi uko kichwani kwa aliyeuhifadhi. Wa kwanza huteremshwa kambini. Wa pili huanza kazi hapohapo kambini, moto ukiwashwa. Vina na mizani ya shairi, ambavyo wahakiki wa karne ya 20 walivijadili kwa hamasa kama masharti ya sanaa, vilikuwa pia kamba za kufungia mzigo: vina humrudisha msomi kwenye njia akisahau, na mizani humwonya kwamba neno limedondoka. Ushahidi bora ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Sehemu kubwa ya mashairi yake ilidumu kwa miongo kadhaa katika ndimi na vichwa vya watu, hadi Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alipoyakusanya pamoja na W. E. Taylor, diwani haikuchapwa mpaka 1940, mbali kabisa na Mombasa, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kwa nusu karne diwani ile haikuwa na uzito wa ratili hata moja.

Na wale waliosafiri kutoka pwani walirudisha vitabu, badala ya kuondoka navyo. Sleman bin Mwenye Tshande aliandika habari za safari yake ya bara ya mwaka 1891. Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akaandika aliyoyaona. Masimulizi yao yalichapwa na Carl Velten mwaka 1901. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliandika desturi za watu wake akiwa mbali nao, na kitabu kikatoka mwaka 1903. Hakuhitaji kuipakia Bagamoyo sandukuni ili aiandike.

Huko Ulaya, wakati huohuo, tatizo la uzito lilikuwa limetatuliwa kwa njia nyingine. Reli ilizaa duka la vitabu kituoni, W. H. Smith alifungua lake katika kituo cha Euston, London, mwaka 1848. Mwaka 1935 Allen Lane alianza kuuza vitabu vyake vya Penguin, vya jalada la karatasi, kwa peni sita, baada ya kukosa, kama inavyosimuliwa, kitu cha maana cha kusoma katika kituo cha Exeter. Kitabu kikawa chepesi, cha bei ya sigara, kinachoweza kuachwa kitini bila majuto.

Ndege za Imperial Airways zilianza kufika Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata njia ilifikishwa Cape Town. Katika miaka hiyo ya mwanzo abiria mwenyewe alipandishwa mizani pamoja na mizigo yake, jambo ambalo wapagazi wa zamani wangelicheka sana. Shirika la ndege la Afrika ya Mashariki liliundwa mwaka 1946 na kudumu hadi 1977, na katika muda huo anga iliwafungukia wanafunzi, wanasiasa na wafanyabiashara wa nchi hizi. Leo mashirika mengi humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 20 au 23 za mzigo wa chini. Mtu akizilinganisha na frasila, ataona kwamba hazikuepukana sana: ni frasila moja na nusu, pungufu kidogo ya mzigo wa mpagazi. Kilichobadilika ni kwamba msafiri amekuwa mpagazi wa nafsi yake. Yeye ndiye atakayeuburuta mzigo kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na kwa mara ya kwanza anachagua kama mtu anayebeba.

Hali hiyo ilikifaa kitabu cha Kiswahili kuliko inavyokubaliwa. Riwaya zilizotoka tangu miaka ya 1960 zilikuwa nyembamba. Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla (1960), na Bwana Msa wake, au Kufa na Kupona cha Elvis Musiba (1974), na mpelelezi Willy Gamba, ni vitabu vinavyoingia mfukoni na kumalizika katika safari moja. Wahakiki waliviita fasihi pendwa, mara nyingine kwa sauti ya kuvidunisha. Wembamba wao ulihesabiwa kuwa wembamba wa fikra, na hilo halikuwa haki. Ulitokana na bei ya karatasi na mfuko wa mnunuzi, na uliwapa wasomaji wa basi, wa meli na wa ndege kitu ambacho Stanley alikuwa akikitafuta na asikipate. Kinyume chake, mwanafunzi aliyekwenda ughaibuni kwa miaka minne hakuchagua kwa kufikiria saa za angani. Alichagua kitabu cha kukaa nacho, kwa kuwa kitabu cha Kiswahili aghalabu husafiri kwa kuchukuliwa kutoka nyumbani, si kwa kununuliwa njiani. Akilazimika kuchagua kati ya kamusi na kilo moja na nusu ya unga wa muhogo alioandaliwa na mama, uamuzi si mwepesi.

Tangu kifaa cha Kindle kilipoingia sokoni mwaka 2007, na simu baada yake, vitabu elfu moja havizidi gramu mia kadhaa, na mizani imenyimwa kauli yake. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo lilitokea jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayechagua kitabu cha ndege. Tarehe 10 Agosti 2006, baada ya polisi wa Uingereza kutangaza kwamba wamegundua njama ya kulipua ndege, abiria walioondoka katika viwanja vya nchi hiyo walikatazwa kuingia na mkoba wowote. Waliruhusiwa pochi, hati ya kusafiria, dawa za lazima na vitu vichache vya namna hiyo, vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Kitabu hakikuwamo katika orodha. Kwa siku chache watu walivuka Atlantiki kwa saa saba au nane bila ukurasa mikononi, riwaya zao zikiwa zimelala katika tumbo la ndege pamoja na viatu. Aliyehifadhi Yasini, Zaburi au tungo za Muyaka aliingia nazo, na hakuna ofisa aliyemwuliza. Wiki iliyofuata mkoba mmoja mdogo uliruhusiwa tena, na kitabu kikarudi kitini.